Kamera, Laptopu na Programu Bukavu: Hesabu Huanza Baada ya Kununua

Mtu mwenye dola 1,000 anayetaka kuingia kazi ya picha hapa Bukavu, iwe ni harusi, kolasyo za vyuo au picha za ripoti za mashirika, atashauriwa na karibu kila mtu anunue kwanza kamera mpya kabisa, kisha zitakazobaki atafute laptopu. Mimi nasema apindue mpango huo. Kamera iwe ya mwisho kwenye orodha, na isiwe mpya. Laptopu, flashi, memori kadi na diski za kuhifadhia zitangulie. Programu nazo ziwe za bure, tena zile zinazofanya kazi hata intaneti ikipotea wiki nzima.

Bei ya dukani ni mwanzo wa gharama tu. Umeme wa SNEL unakuja na kuondoka unavyotaka. Benki zilifunga milango waasi wa M23 walipouteka mji mwezi wa Februari 2025. Kifaa unachokiona kwenye kabati la kioo pale Nyawera kimepitia Dubai, Kampala, Kigali au Goma kabla ya kukufikia, na kila mkono uliokishika umeongeza chake. Kikiharibika kitarudi njia ileile kwa pesa yako. Garanti ya mwaka mmoja iliyoandikwa Dubai haivuki mto Ruzizi. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni bei, lakini swali la kujiuliza mwenyewe ni hili: kitu hiki kitanidai nini kila mwezi?

Tuanze na mwanga, maana hapo ndipo watu wengi wanapotumbukia. Harusi yetu ina vyumba vitatu visivyofanana. Kuna ofisi ya komini, Ibanda au Kadutu, chumba kidogo chenye ndugu waliobanana na dirisha moja nyuma ya bwana harusi. Kuna kanisa lenye dari refu na giza la mvua ya alasiri. Halafu kuna ukumbi wa usiku, taa za rangi ya zambarau na jenereta inayokohoa nje. Kamera yoyote, hata ya dola 3,000, itatoa nyuso za zambarau mle ukumbini kama huna flashi. Ukiwa na flashi iliyogeuziwa dari jeupe, kamera ya miaka 12 iliyopita itatoa nyuso za watu.

Flashi rahisi ya mkono, kama Godox TT600 au Yongnuo YN560 IV, bei yake ya kimataifa ikiwa mpya ni takriban dola 70. Inatumia betri nne za AA, nunua za kuchaji. Haina akili nyingi, unaipangia nguvu mwenyewe kwa kidole, lakini ukishaizoea haikusumbui tena. Ila angalia mtego huu kabla hujatoa pesa. Canon ilipotoa EOS 2000D na EOS 4000D mwaka 2018, iliondoa ile nukta ya chuma iliyo katikati ya kiti cha flashi juu ya kamera. Nukta hiyo ndiyo inayoiamuru flashi ya kampuni yoyote iwake, na flashi rahisi haina njia nyingine ya kupokea amri. Ukiichomeka juu ya kamera hizo mbili, inakutazama tu. Itakubidi ununue flashi inayofuata mawasiliano ya Canon yenyewe, na hiyo ni ghali zaidi. Kwa hiyo 2000D, ambayo ndiyo kamera mpya ya bei nafuu inayopendwa kununuliwa kama zawadi, inakurudishia gharama mlango wa nyuma. Tena haina tundu la maikrofoni, kwa hiyo video ya hotuba za wazee utairekodi kwa sauti ya ukumbi mzima. 4000D ni ya kuepuka kabisa, hata mdomo wake wa kushikia lenzi ni wa plastiki.

Wanaotaka kuruka kizazi chote cha kamera zenye kioo ndani (DSLR) huwa wanatajiwa Canon EOS R50. Ni kamera nzuri. Ilitoka mwaka 2023, ina megapikseli 24, video ya 4K, tundu la maikrofoni, na autofokasi yake inafuata jicho la bibi harusi bila kupotea. Marekani ilianza kuuzwa karibu dola 800 pamoja na lenzi yake ndogo. Lakini fanya hesabu ya baadaye. Kiti chake cha flashi ni cha aina mpya, flashi za zamani zinahitaji adapta ya AD-E1, kama dola 40 hivi. Lenzi za zamani za Canon, zile zilizojaa sokoni kwa bei ya kuelewana, zinahitaji adapta nyingine inayoweza kupita dola 100 ikiwa ni ya Canon yenyewe. Na kwa kuwa tundu lake la kutazamia lina skrini inayowaka muda wote, inakula betri haraka kuliko kamera za zamani. Mtu anayeishi Kigali kwenye umeme wa uhakika anaweza kupuuza hilo. Wewe unayepanda Kadutu saa nne usiku bila kujua kama kuna umeme nyumbani, huwezi.

Hapo ndipo mtumba unaposhinda. Muuzaji atakwambia, "Papa, hii ni okazyo ya Ulaya, haina shida," na mara nyingine ni kweli. Tazama Canon 6D. Ilitoka mwaka 2012 kwa dola 2,099, mwili peke yake. Leo, kwenye maduka makubwa ya mtumba Ulaya na Marekani, inauzwa chini ya dola 500. Sensa yake ni kubwa, ya ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35, na nukta yake ya katikati ya autofokasi inaona gizani vizuri kuliko kamera nyingi zilizoifuata. Betri yake, LP-E6, imepimwa kutoa picha zipatazo 1,090 kwa chaji moja. Harusi nzima betri mbili, na unabaki na akiba.

Udhaifu wake ni video. Ina tundu la maikrofoni, lakini ukianza kurekodi, autofokasi haimfuati mtu anayetembea, unazungusha lenzi kwa mkono. Na hapa Bukavu familia nyingi hulipia video kwa moyo mkunjufu kuliko picha. Kwa mtu anayefanya vyote viwili, mimi ningemwelekeza kwenye Canon 80D ya mwaka 2016. Sensa yake ni ndogo kidogo, lakini autofokasi ya video ni laini, skrini inafunguka pembeni, ina tundu la maikrofoni na la hedifoni, na nukta ya katikati ya flashi ipo mahali pake. Pia inatumia betri ileile ya LP-E6, sawa na 5D Mark II, 7D na 70D. Jambo hilo dogo lina thamani kuliko megapikseli kumi. Betri yako ikifa katikati ya mahari huko Bagira, mwenzako aliyekuja na 70D anakuazima yake. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua, waulize mafundi wenzako wana aparei gani, ununue ya jamii hiyo, maana ndipo utakapopata chaja, lenzi ya kuazima na fundi anayejua vipuri.

Kwa upande wa Nikon, anayeanza na pesa kidogo sana anaweza kutafuta D3500 ya mwaka 2018. Haina tundu la maikrofoni, lakini betri yake imepimwa kwa picha 1,550, na kiti chake cha flashi ni cha kawaida, flashi yoyote ya dola 70 inawaka. Kwa kazi ya picha za paspoti na picha za familia haina deni. Mwenye uwezo zaidi aangalie D750 ya mwaka 2014, yenye nafasi mbili za memori kadi, kila picha ikaandikwa mara mbili papo hapo. Kwa harusi, ambayo hairudiwi, hiyo ni bima ambayo 6D na 80D hazina.

Megapikseli zisikuvuruge. Picha ya sentimita 10 kwa 15, iliyochapishwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, inahitaji megapikseli 2 na ushee. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji karibu 9. Bango la ukutani linatazamwa kwa mbali, kwa hiyo halihitaji kulingana na kitabu. Kamera yoyote niliyoitaja ina angalau 18.

Lenzi ndiyo inayostahili pesa kuliko mwili wa kamera, kwa sababu mwili utabadilishwa na lenzi itabaki. Canon EF milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ile ya STM iliyotoka mwaka 2015 kwa karibu dola 125, ni ya kununua bila kufikiri kwa mwenye 6D. Kwa mwenye 80D kuna tahadhari. Juu ya sensa yake ndogo, milimita 50 inakuwa kama 80, na ndani ya ofisi ya komini utajikuta mgongo ukutani huku nusu ya wajomba wako nje ya picha. Huyo achukue kwanza lenzi ya 18-55 ya STM, hata ikiwa ya mtumba, na ile ya 50 iwe ya picha za uso. Na asinunue kwa makosa lenzi ya EF-S akidhani siku moja ataihamishia kwenye 6D. Haiingii.

Kukagua mtumba si jambo la kuona haya. Muuzaji mwaminifu atakungoja. Piga picha ya ukuta mweupe au anga ukiwa umefunga tundu hadi f/16, kisha ikuze kwenye skrini. Madoa yanayorudi mahali palepale kila picha ni vumbi au alama kwenye sensa. Vumbi linasafishika, mkwaruzo hausafishiki. Funika lenzi, piga picha ya sekunde kumi, tafuta nukta zinazong'aa. Shika lenzi mbele ya tochi ya simu uitazame kwa mshazari. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, irudishe. Mji wetu uko juu kidogo ya mita 1,450, kando ya ziwa, na mvua zinanyesha Septemba hadi Mei. Lenzi iliyolala ndani ya begi la ngozi kabatini miezi mitatu inaota kuvu. Pata boksi la plastiki la chakula lenye kifuniko kinachobana, weka ndani vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, yatosha.

Shata nayo ina umri. Ya 6D imekadiriwa kupiga mara 100,000, na ya D750 mara 150,000. Kwenye Nikon, hesabu hiyo imeandikwa ndani ya kila faili ya picha, unaweza kuisoma papo hapo kwa programu ya bure. Canon huificha, inabidi uunganishe kamera na kompyuta kwa waya na kutumia programu maalumu. Muuzaji akikataa usiunganishe waya, usibishane naye. Nenda kabati la pili.

Kuhusu simu nitasema kifupi. Kama kazi yako ni kuuza vitenge kwenye WhatsApp, au kutuma picha za mradi kwa shirika linalotaka kuziweka mtandaoni tu, simu ya kisasa yenye kamera nzuri inatosha, na programu ya Snapseed ni ya bure. Tena mji huu una maeneo ambayo kutoa kamera kubwa kwenye begi kunaleta maswali, karibu na mpaka na karibu na kila mwenye bunduki. Harusi na studio ndizo zinazodai kamera halisi.

Sasa laptopu, ambako mwaka 2025 ulileta jambo lililowapita wanunuzi wengi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida yake. Windows 11 nayo inadai, kwa mashine za Intel, kizazi cha 8 au zaidi. Matokeo yake ofisi za Ulaya na Marekani zimetupa laptopu nzuri tele, na tele hizo zinafika kwetu. Za kizazi cha 6 na cha 7 zinauzwa rahisi kwa sababu hazipandi kihalali kwenda Windows 11. Ukisimama dukani, tofauti huioni kwa macho. Lenovo ThinkPad T470 na T480 zinafanana kama pacha, lakini T480 ya mwaka 2018 ina kizazi cha 8. HP EliteBook 840 G4 iko upande wa zamani, G5 iko upande wa kupita. Kwa upande wa Dell, Latitude 7490 inapita. Bonyeza kulia kwenye "This PC", soma jina la prosesa. Namba ikianza na 8, kama i5-8250U au i5-8350U, endelea kujadili bei. Ikianza na 6 au 7, punguza bei sana, au panga kuweka Linux Mint badala ya Windows. Hilo si la kudharau, kwani programu nitakazozitaja karibu zote zinafanya kazi huko pia.

Dai RAM ya gigabaiti 16 na SSD. Kwa kazi ya picha, RAM ya gigabaiti 8 itakufanya ungojee kila unapobonyeza. T480 inafunguka kirahisi na RAM inaongezwa, tena ina betri mbili, moja unaichomoa ukiwa kazini bila kuzima mashine. Sijui kitu kingine kilichotengenezwa kana kwamba aliyekitengeneza aliwahi kuishi na SNEL.

Watu huniuliza kwa nini nasukuma laptopu wakati kompyuta ya mezani ni rahisi na ina nguvu zaidi. Jibu lipo kwenye betri ya nyumbani. Chukua betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100. Kwenye karatasi ni wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi isiyotaka kufa mapema inatumika nusu tu, yaani 600, na invata inakula sehemu yake, zinabaki kama 500. Laptopu inayokula wati 40 ukiwa unahariri itafanya kazi saa 12. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake, kwa wati 150, saa tatu na kidogo. Mabwawa ya umeme ya Ruzizi yapo mlangoni petu, la kwanza tangu miaka ya 1950, na bado tunahesabu hivi. Takataka za plastiki tunazozisukumia ziwani zinaelea hadi kwenye mitambo na kuiziba, kwa hiyo sehemu ya lawama ni ya kwetu wenyewe. Weka pia stabilaiza kati ya ukuta na chaja zako. Umeme unaporudi kwa kishindo ndio unaoua chaja.

Programu ndizo zenye mkanganyiko mkubwa, kwa sababu watu wengi wanaamini kuna jina moja tu, Photoshop, na njia moja ya kulipata, kijana wa kompyuta anayekuja na flashi diski yenye krak, yaani nakala iliyovunjwa kufuli. Tuache sheria kando kwa muda. Ili krak ifanye kazi, kijana huyo anazima kwanza kinga ya virusi ya mashine yako. Baada ya hapo, kila flashi diski ya mteja anayekuja kuchapisha picha inaingia na wageni wake, na siku moja folda zote za harusi zinageuka kuwa njia za mkato zisizofunguka. Hiyo ndiyo bei ya krak.

Njia halali ya Adobe ina hesabu yake. Tangu 2013 kampuni hiyo haiuzi tena matoleo mapya ya Photoshop moja kwa moja, inayakodisha. Toleo la mwisho la kununua lilikuwa CS6 la mwaka 2012. Kwa miaka zaidi ya 10 mpango wa wapigapicha ulikuwa karibu dola 10 kwa mwezi, lakini Januari 2025 mpango huo mdogo ulifungwa kwa wateja wapya, na uliobaki, wenye terabaiti moja ya hifadhi mtandaoni, ni takriban dola 20 kwa bei ya Marekani. Kwa mwaka ni 240, kwa miaka mitatu ni 720. Hiyo inazidi bei ya 6D ya mtumba na lenzi yake ya 50 pamoja. Tena unalipa kwa kadi ya benki ya kimataifa, jambo ambalo limekuwa gumu kwa Mwanabukavu ambaye pesa zake zote ziko kwenye Airtel Money, Orange Money au mfukoni. Programu inahitaji kukutana na mtandao mara kwa mara ili ijue umelipa. Na ile terabaiti mtandaoni unainunua hata kama megabaiti zako haziwezi kuijaza hata baada ya mwaka. Ninamwelewa anayelipa ikiwa ni mpigapicha anayefanya kazi na mawakala wa nje wanaotaka faili zao za Lightroom zilivyo. Wengine wote, sioni faida.

Kwa nini? Kwa sababu tarehe 30 Oktoba 2025 Affinity ikawa ya bure. Programu hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Uingereza, Serif, ambayo Canva iliinunua mwaka 2024. Zamani ilikuwa programu tatu za kulipia, ya picha, ya michoro na ya kupanga kurasa. Sasa zimeunganishwa kuwa moja, na unachohitaji ni akaunti ya Canva ya bure. Zana za akili mnemba ndizo zinazolipiwa, na kwa kweli bibi harusi hazihitaji. Inafungua faili za RAW, inasafisha ngozi, na inapanga albamu ya kurasa 30 kwa ajili ya kuchapisha. Inataka Windows au Mac, haipo kwa Linux. Ipakue mahali penye Wi-Fi nzuri, iamilishe hapohapo, kisha urudi nyumbani.

Kwa wa Linux, au asiyetaka akaunti ya mtu, kuna GIMP na darktable. GIMP imekuwapo tangu 1996, na toleo la 3.0 la Machi 2025 hatimaye limeruhusu kubadilisha athari bila kuharibu picha ya asili. darktable, iliyoanzishwa 2009, inachukua nafasi ya Lightroom: unarekebisha picha moja ya kanisani, unanakili marekebisho kwenye mia mbili zilizobaki. Nitasema ukweli, ni ngumu mwanzoni, vitufe vyake vimejaa kama soko la Kadutu Jumamosi, na kwenye mashine isiyo na kadi ya picha inatembea polepole. Ukiishindwa jaribu RawTherapee. Zote zinazungumza Kifaransa, lugha ambayo wengi wetu tulifundishiwa kompyuta.

Kwa video, DaVinci Resolve ya bure inafanya kazi ambayo wengine wanaitoza pesa nyingi, na toleo la kulipia ni dola 295 mara moja tu, si kila mwezi. Lakini faili ya kuisakinisha inazidi gigabaiti 2, na T480 isiyo na kadi ya picha itatoa jasho. Kwenye Linux toleo la bure halisomi video za H.264, ambazo ndizo kamera zetu zinatoa. Kwa harusi ya kawaida ya 1080p, Kdenlive au Shotcut ni nyepesi na zinamaliza kazi. Kwa ankara na mikataba, LibreOffice. Hiyo ni ndugu wa ile Jambo OpenOffice ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa kwa Kiswahili mwaka 2004, kabla watu wengi hawajaamini kwamba kompyuta inaweza kutujibu kwa lugha yetu.

Turudi kwenye zile dola 1,000, nikiziwekea vikomo vya kujadiliana navyo. Laptopu 230. Mwili wa kamera usizidi 400. Lenzi 100, flashi na betri zake 90. Memori kadi mbili na diski mbili za nje za terabaiti moja, 130. Zinabaki 50 za njia, ushuru na noti mbovu, kwa maana noti ya dola yenye mkunjo au doa itakataliwa, na utaibadilisha kwa hasara. Betri ya nyumbani na invata hazimo humo, zije na malipo ya harusi za kwanza. Anayenunua Kigali au Kampala apige simu Bukavu kwanza aulize bei ya kitu kilekile. Mara nyingine tofauti ni ndogo kuliko tiketi, na muuzaji wa hapa unajua anakolala.

Printa isiingie kwenye mpango huu wa kwanza, isipokuwa unakusudia picha za paspoti. Hapo Canon Selphy CP1500 inaeleweka: karatasi na wino vinakuja pamoja kwenye pakiti ya picha 108, kwa hiyo unajua gharama ya kila karatasi kabla hujamtajia mteja bei. Karatasi moja ya sentimita 10 kwa 15 inatoa picha nane za milimita 35 kwa 45, au mbili tu za inchi mbili kwa mbili zinazotakiwa na viza ya Marekani. Ukifikia mamia kwa wiki, hamia Epson ya matangi, wino wake wa chupa ni rahisi zaidi. Ila usiiache bila kuchapisha wiki mbili, vichwa vyake hukauka.

Diski mbili nilizotaja si anasa. Harusi ya picha 2,000 za RAW, kila moja megabaiti 25, ni gigabaiti 50. Terabaiti moja inabeba kama ishirini. Diski moja ikae kwako, ya pili ikae kwa dada au kwa shemeji, kata nyingine kabisa. Tumeona moto unavyopita kwenye nyumba za mbao huko Kadutu, na tumeona Februari 2025 jinsi mtu anavyoondoka nyumbani akiwa na begi moja.

Memori kadi ndizo zinazoghushiwa kuliko kitu kingine chochote sokoni. Iliyoandikwa gigabaiti 128 inaweza kuwa 8 kwa ndani. Kamera itaendelea kuandika, skrini itaendelea kukuonyesha, na kila kilichozidi zile 8 kitakuwa hewa. Kabla ya kazi yoyote, ijaze kadi nzima kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Zote mbili ni za bure na zinakupa jibu wazi. Kwa kadi kubwa inachukua saa kadhaa, kwa hiyo fanya siku umeme upo, tena siku ileile uliyonunua, maana kesho muuzaji atasema hakukuuzia yeye.